Maneno Yanayofanana

Mtoto wa Goma akienda kuwatembelea jamaa zake huko Kisoro, katika nchi ya Uganda, safari yake si ndefu sana. Njia ikiwa salama, hupita Rutshuru, huvuka mpaka Bunagana, na baada ya kitambo kidogo yuko nyumbani kwa shangazi yake. Maharagwe ni yale yale, baridi ya asubuhi ni ile ile, na mlima Muhabura waonekana toka pande zote mbili. Lakini kitu kimoja kimebadilika. Huko nyuma vibao viliandikwa kwa Kifaransa. Hapa vimeandikwa kwa Kiingereza.

Msomaji na amfikiri mtoto huyo, amefika Kisoro pamoja na mama yake. Jioni mama aona taa ya utambi inafifia. Ampa mtoto chupa na fedha, amwambia, “Mwanangu, kimbia ukalete petroli.” Mtoto aenda. Kando ya barabara aona mtambo wa kuuzia mafuta, na juu yake neno moja kubwa: PETROL. Afurahi, maana kusoma anajua. Shuleni kwao alijifunza neno la Kifaransa “pétrole”, na hili ni lile lile, ila limekosa alama moja juu na herufi moja mwishoni. Ajaziwa chupa, arudi mbio.

Mama ashika taa kwa mkono mmoja na chupa kwa mkono wa pili. Utambi ungali unawaka. Ndipo shangazi ainuapo pua na kunusa.

“Wifi, weka chini hiyo chupa! Hayo si ya taa, ni ya gari!”

Mama aweka chupa chini, mikono ikimtetemeka.

Sasa ni nani aliyekosa? Mtoto alisoma vema. Mama alisema kama wasemavyo watu wote wa Goma. Muuzaji alitoa kitu kilichoandikwa juu ya mtambo wake. Hakuna aliyesema uongo, na hata hivyo nyumba ilibaki kidogo tu iteketee. Kosa lilikuwa katika neno lenyewe, ambalo lina sura moja na maana mbili.

Katika Kongo, “pétrole” ni mafuta ya taa. Mafuta ya gari na ya pikipiki huitwa “essence”, na watu hutamka esansi. Lakini katika Kiingereza cha Uganda, Kenya na Tanzania, “petrol” ndiyo esansi yenyewe. Mafuta ya taa huko huitwa “paraffin”, au “kerosene”. Na hapo mtego wa pili wangojea, kwa kuwa Kifaransa nacho kina neno “paraffine”, lakini maana yake ni nta ile ya kutengenezea mishumaa. Basi mtu akitaka mafuta ya taa kwa Mwingereza, aseme “paraffin”. Akilipeleka neno hilo hilo kwa Mfaransa, atadhaniwa anataka nta.

Yafaa kueleza kwa nini shangazi alipiga kelele. Mafuta yote hutoa mvuke, na kinachoshika moto kwanza ni mvuke huo, si maji maji yenyewe. Mafuta ya taa, yakiwa katika ubaridi wa kawaida wa Goma au Kisoro, hutoa mvuke mchache mno. Huhitaji kupashwa joto hadi nyuzi 38 hivi au zaidi ndipo mvuke wake utoshe kushika moto. Kwa sababu hiyo hukaa kwa utulivu ndani ya taa, na kuwaka kwenye utambi tu. Esansi sivyo. Hiyo hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna mtu wa Kivu aliyepata kuiona. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa sakafuni, hupita chini ya meza mpaka kwenye jiko, na hakuna anayeuona. Mtu akiitia esansi katika taa yenye moto, taa hiyo si taa tena.

Watu wa Goma walionyeshwa nguvu ya mvuke huo mwaka 2002. Tarehe 17 Januari mwaka ule mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Siku chache baadaye, mawe yangali na joto, watu walikwenda kuchota mafuta katika kituo kimoja kilichokuwa karibu na njia ya moto. Kituo kililipuka, na watu makumi kadhaa walikufa pale pale.

Mtu afanyeje basi akiwa katika nchi ya lugha nyingine? Akitaje kitu kwa kazi yake. Kiswahili kina maneno bora kwa jambo hili: mafuta ya taa, mafuta ya gari. Maneno hayo hayapotezi mtu Goma, wala Mwanza, wala Mombasa. Na kwa kuwa watu wengi wa Uganda hawasemi Kiswahili, mtoto aende na taa yenyewe mkononi, aionyeshe. Taa haina haja ya kufasiriwa.

Lakini imekuwaje lugha mbili zikawa na neno moja na kuliwekea maana mbili? Neno hilo ni la kale. Katika Kilatini, “petra” ni mwamba, na kila mtoto aliyefundishwa katekisimu anajua kwamba ndipo lilipotoka jina la Petro. “Oleum” ni mafuta. “Petroleum” basi ni mafuta ya mwamba, yale yanayotoka chini ya ardhi. Wafaransa walilitumia neno hili kwa mafuta machafu yatokayo kisimani, na pia kwa mafuta ya taa yanayosafishwa kutokana nayo. Waingereza walilitwaa kwa Wafaransa, na magari yalipoanza kutembea mwishoni mwa karne ya 19, wakalipa mafuta ya gari. Ni kama ndugu wawili waliorithi jembe moja: mmoja alilimia mtama, mwingine akafukulia mchanga.

Na si neno hilo tu. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy katika Ufaransa, alivuka bahari na jeshi lake, akawashinda Waingereza karibu na Hastings, akawa mfalme wao. Kwa miaka mingi baada ya hapo mabwana wa Uingereza walisema Kifaransa, na watu wa shamba walisema Kiingereza. Lugha hizo mbili zikachanganyika. Alama zake zaonekana hata mezani. Kondoo aliye hai huitwa “sheep”, neno la mchungaji wa Kiingereza. Kondoo aliyepikwa huitwa “mutton”, kutoka “mouton” la Kifaransa, neno la bwana aliyeketi kula. Ng’ombe wa malishoni ni “ox” au “cow”, lakini akifika sahanini huitwa “beef”, ambalo latokana na “bœuf” la Kifaransa. Hivyo mwanafunzi wa Goma ajuaye Kifaransa huona maneno mengi ya Kiingereza kana kwamba anakutana na jamaa zake. Mara nyingi huwa ni jamaa kweli. Hatari iko katika wale waliobadili tabia.

Kwa mfano, “journey” la Kiingereza ni safari. Mtoto aliona, akakumbuka “journée”, yaani mchana kutwa, akaandika kwamba Kiingereza chasema siku. Kosa lake lina sababu nzuri, kwa kuwa zamani neno hilo lilikuwa mwendo ambao mtu aweza kutembea kwa siku moja. Mfaransa aliibakiza siku. Mwingereza aliibakiza safari.

Jozi iliyo ngumu kuliko zote, na inayomhusu kila Mkatoliki, ni ile ya Misa. Mfaransa akiwa ndani ya kanisa, anafuata sala na nyimbo, husemwa kwamba “il assiste à la messe”. Mwingereza katika hali ile ile hutumia neno “attend”: “he attends Mass”. Lakini Kifaransa kina “attendre”, ambalo ni kungojea! Na Kiingereza kina “assist”, ambalo siku hizi ni kusaidia. Maneno mawili yamepishana njiani kama watu wawili mlangoni. Mwanafunzi wa Goma akiandika kwa Kiingereza “I assist the priest every Sunday”, msomaji atafahamu kwamba yeye ni mtumishi wa altare, anayemsaidia padre kwa divai na maji. Kama alitaka kusema tu kwamba huhudhuria Misa kila Dominika, alipaswa kuandika “I attend Mass”. Ajabu ni kwamba katika vitabu vya zamani vya sala vya Wakatoliki wa Uingereza, “assist at Mass” lilitumika kwa maana ile ya Kifaransa. Kwa hiyo mtu akilikuta huko asidhani mpiga chapa alikosea.

Neno “demand” halina hatari ya moto, lakini limewaharibia watu barua nyingi. “Demander” kwa Kifaransa ni kuomba au kuuliza, tena kwa adabu. “Demand” kwa Kiingereza ni kudai kwa ukali, kama mwenye deni aliyechoka kungoja. Kijana atafutaye kazi, akiandika “I demand a place in your office”, hajui kwamba amempigia meza yule anayemwomba. Neno la adabu ni “ask”, na katika barua ya heshima ni “request”. Ni afadhali kijana akosee herufi kumi kuliko kulikosea neno hili moja.

“Library” ni maktaba, mahali pa kusoma na kuazima vitabu. “Librairie” ni duka la kuviuza. “Coin” kwa Mwingereza ni sarafu, kwa Mfaransa ni pembe ya chumba. “Pain” kwa Mfaransa ni mkate, na kwa Mwingereza ni maumivu. Hilo la mwisho linafanana kwa jicho tu. Sikio halidanganyiki, kwa maana Mfaransa hulitoa puani, na Mwingereza hulitamka karibu na “pein”. Na ndani ya Kifaransa chenyewe iko jozi ambayo mtoto aishiye kando ya Ziwa Kivu hawezi kuipuuza: “poisson” ni samaki, na “poison”, lenye “s” moja, ni sumu. Mwingereza naye huandika “poison” kwa sumu, na hapo, angalau, lugha hizo mbili zinapatana. Chupa ya dawa ya panya yenye neno hilo isisomwe haraka haraka na mtu aliyetoka kununua sambaza.

Wako watakaocheka wakisema kwamba Wazungu wamejitakia wenyewe mambo haya. Wasicheke mno. Kiswahili kimefanya vivyo hivyo kati ya pwani na Kivu. Mtu wa Goma akisema “makala”, macho yake yaona gunia jeusi la kuni zilizochomwa. Huko Dar es Salaam makala ni maandishi ya gazetini, na kitu cha kupikia ni makaa. Akisema “nimekuja na moto”, alipanda pikipiki, kwa kuwa ndivyo Kifaransa kinavyoiita; mgeni wa Tanzania atatazama kama nguo zake zimeungua. Katika Kongo wengi husema kuuza kwa maana ya kununua, na kuuzisha kwa maana ya kuuza, hata wafanyabiashara wawili wa nchi mbili waweza kusimama mbele ya gunia moja, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye mali. Na mwanamume wa Goma akitangaza kwa furaha, “Bibi yangu amezaa mtoto!” amesema juu ya mke wake. Mtanzania, ambaye bibi kwake ni mama ya baba au mama ya mama, ataona kwamba ni muujiza kama ule wa Elizabeti.

Kuna maneno mengine ya Kiingereza ambayo huchanganywa kila siku, na kosa lake liko katika ulimi. Katika lugha kadhaa za Kivu na za nchi jirani, “l” na “r” ni kama sauti moja. Mtoto aliyezilelewa hizo husikia tofauti kwa shida. Hata katika Kiswahili huonekana: mwalimu akiagiza kila mtu alete kalamu, na wazazi wakasikia karamu, shule itajaa sufuria. Kwa Kiingereza mambo huzidi. “Rice” ni mchele, na “lice” ni chawa. “Grass” ni majani, na “glass” ni kioo. “Pray” ni kusali, na “play” ni kucheza, na darasa ambalo halijazitenga sauti hizo mbili litatoka nje mbio padre asemapo “Let us pray”.

Dawa yake si kukaripiwa. Ni kujua ulimi uko wapi. Katika “l”, ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu na kukaa hapo, na sauti hupita pembeni. Katika “r” ya Kiingereza ncha hiyo haigusi kitu. Hujikunja kidogo na kuning’inia katikati ya kinywa. Mtoto aweza kujipima kwa kuanza “l” na kuishikilia, kisha kuushusha ulimi polepole mpaka uachane na meno. Afanye hivyo mara nyingi, mbele ya kioo akiwa nacho. Kwanza ulimi hujifunza, kisha sikio hufuata.

Irabu nazo zina mtego wao. Kiswahili kina irabu 5 tu, na “i” yake ni moja. Kiingereza kimeigawa. “Sheep”, yule kondoo, hutamkwa kwa midomo iliyotanuliwa kama ya mtu anayetabasamu, na sauti huvutwa. “Ship”, yaani meli, ni fupi, na kinywa kimelegea. Ndivyo pia “leave”, kuondoka, na “live”, kuishi. Mtu aulizwaye mjini anakoishi, akajibu kwa kuivuta ile irabu, amesema kwamba anaondoka.

Imebaki jozi moja ambayo wanafunzi wa Kiswahili huikosa kuliko Wafaransa, na sababu yake ni Kiswahili chenyewe. Ni “borrow” na “lend”. Katika Kiswahili neno kuazima hutumika kwa mwenye kitu na kwa mwenye haja pia: mmoja aazima kalamu kwa rafiki, na rafiki amwazima kalamu. Neno moja latosha, kwa kuwa sentensi yenyewe huonyesha ni nani mtoaji. Mwingereza amelikata neno hilo vipande viwili. Ndiyo maana katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki husikika “Borrow me your pen”, jambo ambalo Mwingereza huliona geni sana.

Mwanafunzi na aitazame kalamu, asitazame maneno. Kalamu ikitoka katika mkono wa mwenyewe, mwenyewe “lends”. Ikiingia katika mkono wa mwombaji, mwombaji “borrows”. Kwa hiyo anayeomba aseme “Lend me your pen”, akimwambia mwenyewe aitoe, au “May I borrow your pen?” akisema kwamba ni yeye atakayeipokea. Na siku ya kumrudishia mwenyewe, Mwingereza hutumia “return”, ambalo latosha kwa mtu anayerudi na kwa kalamu inayorudishwa. Hapo mwanafunzi wa Goma asikimbilie “retourner” la Kifaransa. Hilo ni la mtu arudiye kwao. Kwa kalamu, Mfaransa husema “rendre”.